Mabingwa wa zamani wa sataranji: taji huondoka, mbona jina halitoki?

Mwanzoni mwa Juni 2025, mjini Stavanger nchini Norway, kijana wa miaka 19 aitwaye Gukesh Dommaraju alimshinda Magnus Carlsen kwa mara ya kwanza katika mchezo wa muda mrefu. Carlsen alikuwa ameushika mchezo vizuri, akateleza mwishoni, kisha akaipiga meza ngumi mpaka kete zikaruka. Video ile ilisambaa kila kona. Hata watu wasiojua farasi anarukaje waliitazama, na wengi wakauliza swali la haki kabisa: Gukesh ndiye bingwa wa dunia na Carlsen ni bingwa wa zamani, sasa mbona ushindi huu unashangiliwa kana kwamba mdogo amemwangusha mkubwa?

Anayeuliza hivyo ana sababu. Mashabiki wa sataranji, au chesi kama wengi wanavyoiita, huwazungumzia mabingwa wa zamani kana kwamba bado wamekaa mezani. Bobby Fischer alifariki mwaka 2008, Mikhail Tal mwaka 1992, José Raúl Capablanca mwaka 1942, na bado watu hugombana usiku kucha juu ya nani kati yao alikuwa zaidi. Mgeni akisikiliza ugomvi huo hutoka amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Ninavyoona mimi, chanzo ni kwamba maswali matatu tofauti yanapewa jibu moja. Nani alishika taji? Nani alikuwa na nguvu kuliko wote? Nani aliuachia mchezo kitu ambacho wengine wanakitumia hadi leo? Mtu anaweza kulishinda swali la kwanza na asionekane kabisa kwenye la tatu, na kinyume chake hutokea pia.

Taji, alama na hadhi

Bingwa wa dunia, kwa kawaida, ni mtu aliyemshinda bingwa aliyemtangulia katika pambano la watu wawili. Ni kama mkanda wa ngumi: unaweza kuwapiga mabondia wote wa uzito wako, lakini kama hujapanda ulingoni na mwenye mkanda, mkanda si wako. Pambano lenyewe huwa na michezo mingi. Lile la Singapore la Desemba 2024, ambalo Gukesh alimvua taji Ding Liren wa China, lilikuwa la michezo 14 na liliamuliwa katika mchezo wa mwisho kabisa, kwa pointi 7.5 dhidi ya 6.5 (ushindi ni pointi moja, sare ni nusu). Anayepata haki ya kumkabili bingwa hupatikana kwenye Mashindano ya Wagombea yanayosimamiwa na FIDE, shirikisho la kimataifa lililoanzishwa Paris mwaka 1924.

Alama za Elo ni habari nyingine. Zimepewa jina la Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, na FIDE ilianza kuzitumia mwaka 1970. Kila mchezaji ana alama zake. Akimshinda mwenye alama nyingi kuliko zake, anapanda sana. Akimshinda mwenye chache, anapanda kidogo. Akifungwa na mdogo, anaporomoka. Tofauti ya alama 200 kati ya wachezaji wawili ina maana kwamba, wakikutana mara nyingi, aliye juu anatarajiwa kuvuna kama robo tatu ya pointi zote. Mwenye alama nyingi kuliko wote ndiye namba moja wa dunia. Halazimiki kumshinda bingwa. Anachotakiwa ni kuwashinda wengi, mfululizo, kwa miaka.

Cha tatu ni hadhi ya grandmasta, ambayo mchezaji hupewa akifikia kiwango fulani na huwa nayo maisha yake yote. Wenye hadhi hiyo ni zaidi ya 1,500. Kwa hiyo mtu akiitwa grandmasta usidhani amewahi kuwa bingwa wa dunia. Wengi wao hawajawahi hata kulikaribia taji.

Sasa turudi kwa Carlsen. Alimvua taji Viswanathan Anand mjini Chennai mwaka 2013, akalitetea mara nne, na Julai 2022 akatangaza kwamba hatalitetea tena kwa sababu hana hamu ya mapambano hayo. Ding Liren na Ian Nepomniachtchi wakaligombea lile taji lililoachwa wazi, mjini Astana mwaka 2023, na Ding akashinda. Hakuna aliyewahi kumnyang'anya Carlsen taji hilo ubaoni. Wakati huohuo jina lake limekaa juu ya orodha ya alama tangu Julai 2011. Kwa lugha ya mikanda yeye ni bingwa wa zamani, na kwa lugha ya alama yeye ndiye wa kuangushwa. Watu waliomshangilia Gukesh pale Stavanger walikuwa wanasoma orodha ya pili.

Hili halikuanza na Carlsen. Fischer aliutwaa ubingwa mwaka 1972 mjini Reykjavik, na mwaka 1975 alitakiwa kuutetea dhidi ya Anatoly Karpov. Akatoa masharti: pambano liende hadi mmoja ashinde michezo 10, sare zisihesabiwe, na wakifikishana 9 kwa 9 bingwa abaki na taji lake. FIDE ilikubali lile la michezo 10 na kukataa la mwisho. Fischer hakutokea, na Karpov akavikwa taji bila kusogeza kete hata moja. Kwa miaka mingi kuna waliomwona Karpov kama bingwa wa mezani. Huko ni kumwonea. Karpov alijibu kwa kucheza. Aliingia katika mashindano makubwa moja baada ya jingine, jambo ambalo mabingwa wengi waliomtangulia walilikwepa, na akayashinda. Mwaka 1994 kule Linares, Hispania, akiwa na umri wa miaka 42, alipata pointi 11 katika michezo 13 bila kufungwa hata mara moja, huku Garry Kasparov, bingwa aliyemfuata, akiwa miongoni mwa washiriki.

Miaka 13 ya mabingwa wawili

Kama kuna kipindi kinachowachanganya hata mashabiki wenyewe, ni kile cha 1993 hadi 2006. Garry Kasparov, bingwa wakati huo, na mpinzani wake Nigel Short wa Uingereza walijitoa FIDE na kucheza pambano lao London chini ya chama chao kipya. FIDE ikamvua Kasparov ubingwa na kuandaa pambano lake. Tangu hapo dunia ikawa na mabingwa wawili: mmoja wa ukoo wa zamani, ambapo unamshinda bingwa ana kwa ana, na mwingine wa FIDE, ambaye kwa miaka kadhaa alipatikana kwa mtoano wa washiriki wengi.

Katika mtoano huo ndimo walimopatikana Alexander Khalifman mwaka 1999, Anand mwaka 2000, Ruslan Ponomariov mwaka 2002 na Rustam Kasimdzhanov mwaka 2004. Veselin Topalov akafuata mwaka 2005 kwa njia nyingine, mashindano ya watu wanane kule San Luis, Argentina. Hatimaye mwaka 2006 mjini Elista, Vladimir Kramnik, aliyekuwa amemshinda Kasparov mwaka 2000, alikutana na Topalov, akashinda, na taji likawa moja tena.

Ndiyo maana hesabu hazilingani. Ukisikia Gukesh akiitwa bingwa wa 18, aliyehesabu ameanza na Wilhelm Steinitz mwaka 1886 na kuwaacha nje wote walioshika taji la FIDE pekee. Ukisikia kwamba Gukesh ndiye bingwa mdogo kuliko wote katika historia, ongeza maneno "asiye na mpinzani wa taji", kwa sababu Ponomariov alipotwaa taji la FIDE alikuwa na miaka 18 na takriban miezi mitatu na nusu, mdogo kuliko Gukesh alivyokuwa Singapore kwa miezi kama mitatu. Na Anand anaitwa bingwa mara tano kwa sababu ushindi wake wa mwaka 2000 unajumlishwa na ule wa 2007, 2008, 2010 na 2012.

Kwa nini aliyekufa bado anacheza

Hadi hapa tumezungumzia mataji na alama, na vyote viwili huisha. Kinachobaki kina sababu nyepesi sana ambayo watu husahau kuitaja: sataranji huandikwa. Katika michezo ya muda mrefu kanuni zinamlazimu kila mchezaji kuandika hatua zote kwa kalamu, za kwake na za mpinzani. Mchezo uliochezwa miaka 100 iliyopita haukuacha kumbukumbu ya mashuhuda tu. Umebaki wenyewe, mzima, hatua kwa hatua. Mtu yeyote mwenye ubao anaweza kuurudia leo na kukaa mahali pale pale alipokaa Capablanca, akiwa na kete zilezile na shida ileile ya kuamua. Mwanamuziki wa wakati huo hatusikii alivyoimba jukwaani, na mkimbiaji hatumwoni alivyokimbia. Mchezaji wa sataranji tunayo kazi yake yote bila kupungua.

Chukua mchezo wa sita kati ya Tal na Mikhail Botvinnik, Moscow, Machi 1960. Tal alikuwa na miaka 23, mzaliwa wa Riga, mwenye macho makali ambayo wapinzani waliyalalamikia. Botvinnik alikuwa bingwa, mhandisi wa umeme, mtu wa maandalizi na nidhamu. Katika hatua ya 21 Tal, mwenye kete nyeusi, alimpeleka farasi wake kwenye mraba wa f4 (kila mraba hutajwa kwa herufi ya safu na namba ya mstari), mahali ambapo askari mweupe angeweza kumla bila shida yoyote. Ukumbi ukaanza kunong'ona. Minong'ono ikawa kelele, kelele zikazidi, hadi wachezaji wakahamishiwa chumba kingine ili waweze kufikiri. Botvinnik akamla farasi. Baada ya hapo mistari ikafunguka, kete za Tal zikapata uhai, na bingwa akiwa na dakika zinazoyoyoma hakuipata njia ya kutoka. Wachambuzi walikuja kuonyesha baadaye kwamba alikuwa na majibu mazuri zaidi. Kafara ile, yaani kutoa kete makusudi ili kupata faida nyingine, haikuwa sahihi kwa asilimia mia. Ilikuwa ngumu mno kwa binadamu aliyekaa mbele ya saa, na Tal alilijua hilo alipoitoa.

Tal alishinda pambano lile kwa pointi 12.5 dhidi ya 8.5 na kuwa bingwa mdogo kuliko wote kufikia wakati huo. Mwaka uliofuata Botvinnik alitumia haki ya marudiano, akamshinda 13 kwa 8. Ubingwa wa Tal ulidumu mwaka mmoja tu. Ukipima kwa urefu wa utawala, Tal yuko karibu na mwisho wa orodha. Ukiwauliza mashabiki ni michezo ya nani waliyoirudia mara nyingi, atakuwa karibu na mwanzo. Alisumbuliwa na figo sehemu kubwa ya maisha yake, na mwezi mmoja kabla ya kufariki, akiwa mgonjwa sana, alicheza mashindano ya kasi Moscow na kumfunga Kasparov, bingwa wa wakati huo.

Kasparov naye ana mchezo ambao sidhani kama kuna shabiki asiyeujua: dhidi ya Topalov, Wijk aan Zee, Uholanzi, Januari 1999. Katika hatua ya 24 alitoa kafara ngome, kete yenye thamani kubwa kuliko zote baada ya malkia. Topalov angeweza kuikataa na kujinusuru, lakini akaila. Ngome nyingine ikampigia mfalme wake shahi, yaani ikamtishia kumla, na tangu hapo mfalme yule mweusi hakupata tena pa kupumzika. Alifukuzwa kutoka upande wake, akaburuzwa hadi a4, akashuka b4, c3, d2, na mwishoni akajikuta amesimama mstari wa kwanza wa kete nyeupe, nyumbani kwa adui. Safari nzima ilitokana na hatua moja. Nimewahi kuwaonyesha mchezo huu watu waliojifunza kanuni jioni hiyohiyo, nao waliguna pale pale mashabiki wa zamani wanapoguna.

Walichoacha mikononi mwa wengine

Lakini michezo mizuri peke yake haielezi kila kitu. Kuna mabingwa ambao michezo yao haisisimui mtu wa kawaida, na bado kila mchezaji anaishi ndani ya walichokiacha.

Steinitz ndiye aliyefundisha kwamba shambulio halifanikiwi kwa ushujaa tu; linahitaji faida ndogondogo zilizokusanywa kwanza. Kabla yake, kukataa kafara kulionekana kama woga. Capablanca, kutoka Cuba, aliutazama ubao na kuuondolea takataka: kubadilishana kete, kubaki na faida moja, kisha kuipeleka hadi mwisho bila papara. Kuanzia 1916 hadi 1924 hakufungwa mchezo wowote rasmi. Tigran Petrosian alionyesha kwamba ngome inaweza kuachwa ibadilishwe na askofu, kete ya thamani ndogo, bila haraka ya kushambulia, kwa lengo la kuifunga tu njia ya mpinzani. Kafara yake dhidi ya Samuel Reshevsky huko Zürich mwaka 1953 bado inafundishwa. Kramnik, alipomvua Kasparov taji mwaka 2000, alitumia ulinzi wa Berlin, ufunguzi (namna ya kuuanza mchezo) uliokuwa umesahaulika, na Kasparov hakushinda hata mchezo mmoja katika pambano lote. Baada ya hapo ulinzi huo ukawa chakula cha kila siku cha wachezaji wa juu.

Botvinnik anastahili aya yake. Mashabiki vijana humwona mkavu, na naelewa kwa nini. Lakini yeye ndiye aliyeifanya sataranji kazi ya maandalizi: kuchambua michezo yako mwenyewe bila huruma, kumsoma mpinzani, kulinda mwili na usingizi. Kisha akafungua shule. Katika shule ile walipita Karpov, Kasparov na Kramnik. Hesabu miaka ya ukoo wa zamani wa taji: Karpov kuanzia 1975, Kasparov kuanzia 1985, Kramnik kuanzia 2000 hadi 2007. Kwa miaka 32 mfululizo taji lilikuwa mikononi mwa wanafunzi wa mtu mmoja. Sijui urithi mwingine katika mchezo huu unaokaribia huo.

Anand amefanya jambo la aina hiyo kwa nchi nzima. Mwaka 1988 alikuwa Mhindi wa kwanza kupata hadhi ya grandmasta. Leo India ina zaidi ya 80, na mwaka 2024 mjini Budapest timu zake mbili, ya wazi na ya wanawake, zilichukua dhahabu katika Olimpiadi ya sataranji. Gukesh ni mmoja wa vijana waliolelewa katika akademia ambayo Anand ni mshauri wake. Taji lililotoka India mwaka 2013 lilirudi kupitia mtoto wa mradi wa yule yule aliyelipoteza.

Fischer ana urithi wa pande mbili, na haki inataka zote zisemwe. Mwaka 1971 aliwashinda Mark Taimanov na Bent Larsen, kila mmoja 6 kwa 0, katika mapambano ya wagombea, kiwango ambacho hakikufikirika. Huko Reykjavik alipoteza mchezo wa kwanza, akasusia wa pili, kisha akageuza mambo. Alipoushinda mchezo wa sita, Boris Spassky mwenyewe, bingwa aliyekuwa anapigwa, alimpigia makofi pamoja na watazamaji. Fischer ndiye aliyebuni saa inayomwongezea mchezaji sekunde baada ya kila hatua, akapata hataza yake mwaka 1989, na leo karibu kila mashindano makubwa yanatumia utaratibu huo. Ndiye pia aliyetangaza mwaka 1996 aina ya sataranji ambayo kete za nyuma hupangwa kwa bahati, zikitoa mianzo 960, ili kukariri namna za kuufungua mchezo kusisaidie kitu. Lakini ni Fischer huyohuyo aliyemwaga maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi kwa miaka mingi, na aliyeshangilia hadharani mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Wapo mashabiki wanaoyafunika haya kwa kusema alikuwa mgonjwa. Mimi sioni haja ya kufunika. Hatua zake ubaoni zinaweza kusomwa na maneno yake yakakataliwa, na anayempenda kweli anapaswa kuwa na ujasiri wa kuyataja yote mawili.

Yanayosemwa ambayo si kweli

Linalorudiwa zaidi ni hili: Carlsen alifikia alama 2882 mwaka 2014, Kasparov 2851 mwaka 1999, Fischer 2785 mwaka 1972, kwa hiyo mpangilio wa ubora umeshapatikana. Haujapatikana. Alama za Elo hupima mtu dhidi ya wale anaocheza nao wakati huo. Hazijui kitu kuhusu wachezaji wa miaka 40 baadaye. Ukitaka kulinganisha vizazi, ni heri uangalie pengo kati ya mtu na waliomfuata. Fischer alipokuwa na 2785, wa pili wake, Spassky, alikuwa na 2660. Alama 125 za tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ni jambo ambalo halijaonekana tena. Kwa upande mwingine, Kasparov alikaa kileleni takriban miaka 20, kitu ambacho Fischer hakujaribu. Kila kipimo kina mshindi wake.

Lingine ni kwamba kompyuta zimewafuta mabingwa wa zamani. Ni kweli kwamba Kasparov, baada ya kuishinda Deep Blue ya IBM 4 kwa 2 mwaka 1996, alifungwa nayo mwaka uliofuata mjini New York, 3.5 kwa 2.5. Ni kweli pia kwamba programu ya kwenye simu ya leo humshinda binadamu yeyote. Lakini kompyuta hizohizo zimeturahisishia kuwathamini wazee. Mwaka 2006 watafiti Matej Guid na Ivan Bratko waliipima michezo ya mapambano ya ubingwa kwa kompyuta, na aliyekosea kidogo kuliko wote alikuwa Capablanca, mtu aliyezaliwa mwaka 1888. Mtindo wake wa kurahisisha mambo ulimsaidia katika kipimo hicho, ni kweli, lakini hata hivyo matokeo yale yaliwashtua waliodhani watu wa zamani walikuwa wanabahatisha.

Kuna na dhana kwamba mabingwa huzaliwa wakiwa tayari, akili tu, hakuna jasho. Fischer alijifunza Kirusi ili aweze kusoma majarida ya sataranji ya Kisovieti. Vasily Smyslov, aliyekuwa bingwa mwaka mmoja tu, 1957 hadi 1958, alifika tena fainali ya wagombea mwaka 1984 akiwa na miaka 63, dhidi ya Kasparov wa miaka 20. Hakuna kipaji kinachomfikisha mtu huko bila kazi ya maisha yote.

La mwisho linahusu wanawake, nalo linaumiza kwa sababu limewanyima watu heshima yao. Wengi huamini kuna ubingwa wa wanaume na ubingwa wa wanawake, kila kundi na lake. Ubingwa wa dunia, ule wa Gukesh na Carlsen, uko wazi kwa wote. Wa wanawake upo pamoja nao. Vera Menchik alikuwa bingwa wa kwanza wa wanawake mwaka 1927, akabaki na taji hadi alipouawa kwa bomu London mwaka 1944, na katika mashindano ya wazi aliwafunga wanaume wengi, akiwemo Max Euwe, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1935. Nona Gaprindashvili wa Georgia, bingwa wa wanawake kuanzia 1962 hadi 1978, alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa hadhi kamili ya grandmasta. Tamthilia maarufu ya Netflix ya mwaka 2020 iliposema hakuwahi kucheza na wanaume, wakati alikuwa amecheza na makumi yao, alikwenda mahakamani akiwa na miaka 80, na shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2022. Sikumwona kama mzee mwenye hasira. Alikuwa analinda kumbukumbu sahihi, na alifanya vyema.

Judit Polgár wa Hungaria hakuwahi kuwa bingwa wa wanawake kwa sababu hakutaka kuligombea taji hilo. Alichagua kucheza zaidi katika mashindano ya wazi. Alipata hadhi ya grandmasta mwaka 1991 akiwa na miaka 15, akivunja rekodi ya umri iliyokuwa ya Fischer, alifika nafasi ya nane duniani, na mwaka 2005 alikuwa mmoja wa wale wanane wa San Luis waliogombea ubingwa wa dunia. Kwa orodha ya mataji hayumo kabisa. Muulize mchezaji yeyote wa kike wa leo ni nani alimfungulia mlango, utasikia jina lake mapema.

Kwa anayetaka kuyaona haya kwa macho yake, ningemshauri asianze na fahari ya Kasparov. Aanze na mchezo wa Capablanca dhidi ya Savielly Tartakower, New York 1924. Zimebaki ngome na askari, na Capablanca anaacha askari wake waliwe, hata kwa shahi, ili mfalme wake apate njia ya kupenya hadi f6. Tafuta mchezo huo kwenye mtandao wowote wa sataranji, upange ubaoni kwa mkono, na kila zamu ya Capablanca ikifika, funika hatua inayofuata na useme kwanza wewe ungefanya nini. Ukishaelewa kwa nini mfalme yule ana thamani kuliko askari wawili, nenda Moscow 1960, mchezo wa sita, hatua ya 21. Usiwashe programu ya uchambuzi mpaka umefika mwisho.